Nati za hewani: kisa cha fundi wa Malaba aliyefungiwa stoo ili aache pombe

Usiku wa tatu Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha wodi, miguu inaning'inia, anakaza nati ambazo hazipo. Mkono wa kushoto umeshika gurudumu la hewani, wa kulia unazungusha wilspana ya hewani, na kila akimaliza nati moja anajifuta jasho kwa kiwiko, kama afanyavyo mtu mwenye grisi viganjani. Mara akamgeukia mkewe akamkaripia: "We taniboi, nipe thelathini na mbili. Hiyo ni thelathini." Mkewe akainama sakafuni, akaokota spana isiyokuwepo, akampa. Fundi akasema asante, akaendelea na kazi.

Mimi ni afisa tabibu wa magonjwa ya akili, na miaka yangu mingi ya kazi imepita katika wilaya hizi za mpakani. Nimewaona wengi wakiweweseka baada ya kukatiwa pombe ghafla. Mara nyingi mtu huirudia kazi yake: mvuvi atavuta nyavu, kondakta ataita abiria. Huyu simsahau kwa sababu waliomfikisha pale ni ndugu zake, tena kwa nia njema kabisa.

Kisa nakiandika kwa ruhusa yake na ya mkewe. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike, na jina simpi. Hapa Malaba, mji wa mpakani mwa Uganda na Kenya, anaitwa Fundi, na mafundi ni wengi.

Ana miaka 43. Anatengeneza malori: breki, magurudumu, springi, chochote kinachoharibika kati ya Mombasa na Kampala na kuishia kuegeshwa kwetu kwenye foleni ya forodha. Nyumbani wanaongea Kiswahili kwa sababu yeye ni Mteso na mkewe katoka Bungoma, ng'ambo ya mpaka, na kwa sababu wateja wake wote ni madereva. Wana watoto wanne.

Alianzia kwenye chungu. Kwa asiyeijua ajono, ambayo sehemu nyingine za Uganda huitwa malwa: ni pombe ya ulezi, nzito kama uji. Chungu huwekwa katikati, watu wanakaa kwa duara kwenye viti vifupi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mwenye nyumba anaongeza maji ya moto kila kinywaji kinapopungua. Kilevi chake si kikali. Mtu anaweza kukaa pale kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku, akaenda nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akala. Fundi aliishi hivyo karibu miaka kumi, na hata leo sioni kama kipindi hicho kilikuwa na balaa kubwa.

Balaa ililetwa na waragi, pombe kali ya kupikwa. Kwanza aliichanganya na ajono "kuipa nguvu". Kisha ikaja korona. Baa zilifungwa Machi 2020, hazikufunguliwa mpaka Januari 2022, na katika miezi ile ya mwanzo foleni ya malori upande wa Kenya ilifika makumi ya kilomita, madereva wakisubiri majibu ya vipimo kwa siku kadhaa. Lori lililosimama hivyo huharibika, na fundi anayepatikana hupata hela. Fundi alizipata kuliko wakati wowote maishani mwake, na kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa, pombe ikamfuata nyumbani. Ilikuja kwenye chupa ya soda ya nusu lita, ikibebwa na binti yake wa kwanza, aliyekuwa na miaka kumi na moja wakati ule, kutoka kwa mama mmoja anayepika nyuma ya soko.

Kufikia mwisho wa 2022 alikuwa anaamka saa kumi alfajiri akitetemeka. Asipokunywa kidogo, hawezi kushika bisibisi. Madereva wa Kenya wanaita kutoa loki. Watu wa nje humwona mtu anakunywa asubuhi wakasema anapenda ulevi, lakini ukimuuliza mwenyewe atakuambia hajalewa siku nyingi. Anachotafuta ni mkono utulie aingie chini ya gari. Siku ya kawaida alimaliza ile nusu lita. Kama waragi ile ilikuwa na kilevi asilimia 40, ni karibu gramu 158 za alkoholi tupu, na hapo sijahesabu chungu.

Machi 2023 kaka yake mkubwa, askari mstaafu, akaitisha kikao. Walikuwepo mama yao na wajomba wawili. Wakaafikiana kwamba maneno yametosha. Wakamfungia kwenye stoo ya matofali nyuma ya nyumba ya kaka: godoro, ndoo, jerikeni ya maji, uji mara mbili kwa siku, kufuli nje. Kaka akamwambia shemeji yake, "Siku saba tu. Jeshini tuliwanyoosha hivi hivi."

Siku ya kwanza Fundi alitetemeka, akatapika, akatukana kila mtu. Jioni ya pili akaanguka kifafa, kitu ambacho hakijawahi kumpata. Mama akasema ni pepo, akaitwa mchungaji. Huyu mchungaji nimpe heshima yake: aliingia, akamtazama, akaomba dakika mbili, akatoka na kusema, "Mimi yangu nimemaliza. Sasa tafuteni gari." Kituo cha kwanza walichomfikisha walimpima malaria. Kipimo kilisema hana, wakamwandikia dawa za malaria hata hivyo, wakamrudisha nyumbani. Homa, jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, kwetu hilo kwanza ni malaria mpaka ithibitike vingine, na wakati mwingine hata ikithibitika vingine. Hakuna aliyeuliza amekunywa lini mara ya mwisho.

Siku ya tatu mchana alifika kwetu, amelala katikati ya mkewe na dereva wa bodaboda.

Swali langu la kwanza kwa mkewe lilikuwa kuhusu macho. Je, alilalamika kwamba haoni vizuri, kama kuna ukungu? Waragi ya nyuma ya soko ikiwa na methanoli, yaani alkoholi ya sumu, hupofusha na kuua. Mwaka 2010 ilimaliza makumi ya watu Kabale, na Agosti 2022 watu zaidi ya kumi walikufa upande wa Arua kwa pombe kali aina ya gin iliyokuwa na sumu. Akasema hapana, ila jana aliona panya ukutani. Nikapumua kidogo. Panya wa ukutani nawajua.

Hapa nataka nieleze polepole, kwa sababu kaka yake Fundi si mjinga na wala si katili, na watu wenye mawazo kama yake ni wengi.

Nilimweleza kwa lugha ya gari. Ubongo una breki na una mafuta. Pombe inaisaidia breki kukanyaga, ndiyo maana mnywaji hulegea, huongea polepole, husinzia. Ukiinywa kila siku kwa miaka, ubongo unaona gari haliendi, basi unajirekebisha: unalegeza breki zake wenyewe na kuongeza mafuta, ili mtu aweze kutembea na kufanya kazi akiwa na nusu lita tumboni. Sasa chukua mtu huyo, umwondolee pombe yote kwa saa moja. Umebaki na lori lenye mzigo, kwenye mteremko, mguu uko kwenye mafuta na breki zimelegezwa. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Kifafa hupenda kuja kati ya saa ya 6 na ya 48. Kuweweseka kwenyewe, pamoja na homa, moyo kwenda mbio na presha kupanda, huja siku ya pili hadi ya nne. Asiyetibiwa hapo anaweza kufa, na wengi hudhani amekufa kwa pombe wakati amekufa kwa kuikosa ghafla.

Madereva wa Mombasa walikuwa wananibishia hili, kwa sababu wao wameona arosto ya heroini: vijana wanajikunja kwa maumivu, wanatapika, wanalia, na siku ya sita wanainuka. Ni kweli. Arosto ya heroini inatesa sana lakini peke yake huua kwa nadra. Ya pombe, na ya vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepamu, ndiyo inayoua. Ukitaka kumfungia mtu stoo, kwa hiyo, umekosea dawa.

Matibabu yenyewe nitayapita haraka. Dawa ya kuishika breki ni diazepamu, kwa kipimo kikubwa mwanzoni kisha unapunguza kidogo kidogo kila siku. Siku ile yetu ilikuwa imebaki kidogo, nyingine mkewe aliinunua duka la dawa. Kabla ya dripu yoyote yenye glukosi tulimpa thiamini kwa sindano, yaani vitamini B1, kwa sababu mtu anayeishi kwa waragi huwa ameishiwa nayo, na ukimmwagia sukari kwanza unaweza kumharibia kumbukumbu moja kwa moja. Usiku wa tatu alikaza nati mpaka saa tisa. Usiku wa nne akalala. Asubuhi ya siku ya tano akamuuliza mkewe, "Nani amelipa boda?"

Kabla hajatoka nikawakalisha wote. Kaka alikuwa ameona aibu, na mtu mwenye aibu hukimbilia ukali. "Daktari, mimi nasema mtu akiamua, anaacha." Mkewe Fundi, ambaye mpaka siku ile alikuwa amenyamaza mbele ya wakubwa, akasema taratibu bila kuinua macho: "Shemeji, alikuwa anakunywa kwako."

Ndivyo ilivyokuwa. Chungu alichokalia Fundi miaka yote kiko uani kwa kaka yake. Mpishi ni mke wa kaka. Ada ya watoto wa kaka, wawili wako sekondari, inatoka kwenye ulezi ule. Na haikuishia hapo. Kikundi cha chungu ndicho benki yake Fundi: kila Jumamosi wanaweka shilingi 10,000 kwa mweka hazina, Desemba wanagawana. Kazi nyingi anazipatia pale, maana ndipo madereva wanapomtafuta jioni. Habari za msiba, za shamba linalouzwa, za forodha, zote zinapita kwenye mirija ile. Tulikuwa tunamwambia aache pombe, naye alisikia: acha benki, acha ofisi, acha ndugu.

Nilimfanyia lile dodoso la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani. Alama ya juu ni 40, kuanzia 8 unaangalia, kuanzia 20 kuna uwezekano mkubwa wa uraibu. Alipata 33. Ila swali la pili linauliza unakunywa vipimo vingapi kwa siku, na mrija hauna kipimo. Tukaishia kuhesabu thamosi za maji ya moto na kugawanya kwa watu wa duara. Walioandika dodoso sidhani waliwahi kukaa kwenye chungu.

Butabika, hospitali ya taifa ya akili iliyojengwa 1955, ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Iko Kampala, zaidi ya kilomita 200, na Fundi akikaa huko mwezi mzima watoto hawali. Nyumba za binafsi za kurekebishia waraibu bei yake sikuthubutu hata kuitaja. Kwa hiyo tulibaki na tulichonacho: mimi kila Alhamisi, simu, na mkewe.

Wiki ya pili akaja na jambo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimemwandaa kwa vishawishi vya kawaida: ukiona chupa, ukipata hela, ukigombana. Akasema chupa haimsumbui. Kinachomsumbua ni kunawa mikono. Saa kumi na moja kasoro anachota sabuni ya unga, anaichanganya na mchanga kidogo, anasugua grisi, na kabla hajamaliza kusuuza mate yamemjaa mdomoni na moyo unamwenda mbio. Nikamwambia anioneshe. Pale pale kliniki akasugua viganja hewani, akanitazama, akasema, "Hapa. Hapa hapa inaanza."

Miaka kumi na zaidi, kilichofuata baada ya kunawa kilikuwa mrija. Ubongo umejifunza sabuni ni kengele. Hili haliondoki kwa kuapa, lakini kengele unaweza kuihamisha. Tukakubaliana asinawe gereji. Aende nyumbani na grisi yake, apite njia ya reli asipite kwa kaka, anawie uani kwake, na beseni likae karibu na chai. Hamu yenyewe mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya nusu saa usipoilisha. Nusu saa ile akaitembea kwa miguu, mikono michafu. Watoto walimcheka njiani. Hata mimi sikutegemea kitu kidogo namna ile kingesaidia kiasi kile.

Sasa niseme nilipokosea, maana nilikosea mara mbili.

Ya kwanza: nilimshauri achukue kazi za usiku, ili saa za chungu zimkute kazini. Ilionekana busara. Baada ya mwezi mkewe akanipigia: Fundi halali, anaongea haraka, hasira karibu. Alikuwa anatafuna mairungi ili akeshe. Wakenya wanaiita miraa, na sheria ya dawa za kulevya iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 imeipiga marufuku kwetu, ila gereji za usiku hazijasoma sheria. Mtu akitafuna usiku kucha, asubuhi anahitaji kitu cha kumshusha ili alale. Kitu hicho alikijua vizuri. Nilikuwa nimemjengea ngazi ya kurudi kwenye waragi kwa mikono yangu. Tukarudisha kazi mchana, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Ya pili ilikuwa msiba. Mwezi wa tano wa kutokunywa alifariki mjomba wake, mmoja wa wale waliokuwa kwenye kikao. Mkesha wa siku nne, chungu mbili, waragi ya kuwapa nguvu wachimba kaburi. Fundi ni mpwa. Hawezi kukosa na hawezi kukaa pembeni. Nilikuwa nimezungumza naye kuhusu chungu, hela, sabuni, ugomvi. Msiba sikuutaja hata mara moja, mimi ninayeishi hapa na kuzika hapa. Usiku wa pili mtu alimpa kikombe ili "apashe kifua". Akanywa siku nne.

Kaka akasema, "Niliwaambia." Mama akauliza kama kufuli bado lipo. Mkewe hakujibu mtu. Asubuhi ya kwanza mumewe alipoacha kunywa, kabla mikono haijaanza kutetemeka vizuri, akamweka kwenye boda akamleta. Alikuwa ameshika hesabu ya saa kuliko manesi wangu: "Daktari, tone la mwisho saa nne usiku. Sasa ni saa mbili asubuhi. Zimepita kumi." Mtu aliyewahi kuanguka kifafa cha pombe, mara inayofuata inaweza kuwa mbaya zaidi hata kama amekunywa siku chache, kwa hiyo yale masaa kumi yalikuwa mali. Hakuanguka wala hakukaza nati. Siku ya tatu alikwenda nyumbani.

Nilimuuliza Fundi kama anaona miezi mitano imepotea. Akafikiri. Akasema lori likipata pancha Jinja, halirudi Mombasa kuanza safari. Niliipenda, lakini nikamwambia pia kwamba safari ijayo ya msiba tunaipanga kabla: atakuwa mtu wa jenereta na taa, kazi yenye heshima inayomweka mbali na chungu na haimpi nafasi ya kukaa. Misiba mitatu imepita tangu hapo, na taa hazijazimika.

Nyumbani kwao hakujawa shwari. Mapatano yalikuwa kwamba nusu ya malipo ya madereva yaingie kwenye simu ya mkewe, na kuna wiki Fundi analipokea jambo hilo vizuri, na kuna wiki anauliza kama yeye ni mtoto. Binti yake, yule aliyebeba chupa, hanywi soda. Baba yake aliwahi kumnunulia, akaiacha mezani mpaka ikapoteza gesi. Kwenye mambo ya namna hiyo sina dawa, namruhusu tu Alhamisi aje na mama yake kama anataka. Amekuja mara mbili, hakusema kitu mara zote mbili.

Shemeji mpishi bado anapika. Sikumwambia aache, maana sina ada ya kumpa. Alichofanya, bila kuombwa na mtu, ni kukitoa kiti cha Fundi kwenye duara na kukipeleka jikoni, akipita kusalimia akalie huko.

Kilichobaki ni hela. Fundi aliendelea kuweka 10,000 zake kila Jumamosi kwa mkono wa mtoto. Desemba kikundi kilipogawana, mweka hazina akamletea mgawo wake ukiwa umekatwa: kwa katiba ya kikundi, kukosa kikao cha chungu ni faini ya shilingi 500, na Fundi amekosa vikao vyote tangu Machi. Amekataa kulipa. Anasema yeye ni mgonjwa na ana kadi ya hospitali. Mweka hazina anasema katiba inataka barua. Wamenijia wote wawili wakitaka barua hiyo niandike mimi, na tumebishana nusu saa nzima kama iseme "mgonjwa" au "amepona".